Ziwa Halikodishwi

Ndugu zangu washika kalamu wa Sumbawanga, Matai, Laela na Namanyere, pamoja na nyinyi mliohamia Dar mkajifanya mmesahau baridi ya Ufipa: leo nina ugomvi na nyinyi. Si ugomvi wa ngumi, maana mwili wangu mnaujua. Ni ugomvi wa maneno, na neno ninaloligombania ni moja tu: "praiveti."

Mnalifahamu. Sikukuu ikikaribia, au mwisho wa mwezi watu wakishapokea mshahara, mtu mmoja anajitangaza kuwa mratibu. Anafungua kikundi kwenye simu, anatupia bango. Bango lina jua, lina maji ya buluu, lina mnazi ulioinama ambao umetolewa kwenye picha ya ng'ambo, na juu yake maandishi manene: KARIBIANI YA RUKWA! SAFARI YA SIKU MOJA, GARI PRAIVETI, WATU WENU TU. Michango inapigwa. Advansi inakwenda kwa mwenye Noah. Saa kumi na mbili asubuhi watu wanajipakia mjini, nyama imeshalowekwa viungo tangu jana, mkaa uko nyuma kwenye buti, soda ziko kwenye deli la barafu, spika iko mapajani mwa mtu. Saa mbili usiku wamerudi, wekundu wa macho, simu zimejaa picha. Wamekwenda Kasanga. Ama niseme, wanadai wamekwenda Kasanga.

Hoja yangu naisema mapema, ili mwenye haraka asije akasingizia kwamba hakuielewa. Safari ya siku moja kwa gari la kukodi, jinsi tunavyoifanya sisi vijana wa mkoa huu, ni njia ya kulipa fedha ili usifike. Na mwandishi asiyefika kwao mwenyewe hana cha kuandika isipokuwa kile alichosoma kwa wenzake.

Haya, twende taratibu.

Kutoka Sumbawanga mpaka bandari ya Kasanga, kwa barabara ya Matai, ni kama kilomita 110. Sisi tuko juu uwandani, tunavaa sweta mwezi wa saba mpaka shuleni. Ziwa liko chini yetu takriban mita elfu moja. Maana yake ni kwamba ndani ya asubuhi moja unatoka kwenye ulezi na ukungu, unateremka mpaka kwenye joto la kuvua shati. Zamani njia ile ilikuwa ya kuomba Mungu kila mteremko, na masika ikifika hata maombi hayakutosha. Siku hizi kuna lami, na lami ndiyo iliyoipa biashara ya praiveti miguu. Siilaumu lami. Lami haikumwambia mtu afunge vioo.

Nianze na fedha, kwa sababu mratibu yeyote ukimgusa atakwambia kwamba anakuza utalii wa ndani. Sawa. Tuhesabu. Nyama imenunuliwa Sumbawanga. Mkaa, Sumbawanga. Soda, maji, mikate, vijiti vya kuchokolea meno, vyote Sumbawanga. Mafuta ya gari, Sumbawanga. Kodi ya gari inabaki kwa mwenye gari, naye anakaa Sumbawanga. Watu wanateremka kwenye ziwa ambalo ni la pili duniani kwa kina, lenye mita 1,470 za maji, huku wamebeba maji ya chupa na nyama ya ng'ombe! Wakiondoka jioni, ndipo mmoja anakumbuka kumnunulia shangazi migebuka. Hapo sasa anasimama juu ya chano cha mama wa watu, anapunguza bei kama vile anabishana na mwizi. Alipolipia gari hakupunguza hata shilingi. Kinachobaki Kasanga ni chupa tupu, mifupa na majivu. Huo ndio utalii wa ndani? Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee. Huyu mgeni wetu anakuja, na mwenyeji anabaki kuokota chupa.

Mtasema hilo ni suala la watu wa biashara, waandishi linawahusu nini? Subirini, nakuja kwenu. Tena nakuja na jina.

Lile ziwa linaitwaje? Tanganyika, mtajibu wote kwa pamoja kama darasa la tatu. Ni kweli. Lakini Livingstone alipofika ncha yake ya kusini mwaka 1867, huku huku kwetu, jina alilolisikia na kuliandika lilikuwa Liemba. Hilo ndilo jina lililokuwa vinywani mwa watu wa upande huu. Sasa fuateni mkasa wake. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli kwao Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakavisafirisha mpaka Kigoma na kuviunganisha upya. Ilishushwa majini mwaka 1915. Wakaiita Graf von Götzen, jina la gavana ambaye katika utawala wake vita vya Maji Maji vilizimwa kwa risasi na kwa njaa. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na iliporudi kazini mwaka 1927 ilikuwa na jina jipya ubavuni: Liemba.

Hebu tulieni mlifikirie jambo hilo. Mkoloni, tena aliyekuja kutawala na kuchukua, alipotafuta jina la kuipa meli alilikuta jina la ziwa akalichukua. Meli ile ikabeba wazee wetu, bibi zetu na magunia yao kwa miongo mingi, mpaka iliposimama mwishoni mwa miaka ya 2010 kwa sababu ya uchovu. Na sisi, watu huru, wenye shule za kata na simu za kugusa, tukitafuta jina la kuwaitia wenzetu mahali palepale, tunakwenda kuazima kwa watu walio ng'ambo ya bahari nyingine. Karibiani ya Rukwa! Ama kweli, mkosa la mama hulamba la mbwa. Lakini sisi la mama tunalo, tumeliacha linachacha.

Na hiyo Karibiani yenyewe mnaijua? Jina lile halikuanza kama jina la ufukwe. Ni jina ambalo wageni waliwapachika watu, wenyeji wa visiwa vile, waliouawa na kufukuzwa kwenye ardhi yao. Wazao wao wapo mpaka leo, wanajiita Kalinago, na katika kisiwa cha Dominica wana eneo lao lililotengwa mwaka 1903. Watu walisukumwa pembeni, jina lao likabaki kuuzia vyumba vya hoteli. Jamaica nako, sheria ya mwaka 1956 ya kusimamia fukwe iliweka haki za ufukwe mikononi mwa Taji la Uingereza, na haikumpa mwananchi wa kawaida haki ya jumla ya kufika kwenye ufukwe huo. Hadi miaka ya 2020 Wajamaika walikuwa bado mahakamani wakidai njia ya kwenda kuoga mahali walipoogea babu zao. Mtu anazaliwa kisiwani, anasikia mawimbi usiku kucha, lakini asubuhi akitaka kuyafikia anakutana na geti.

Mwandishi mmoja wa kule, Jamaica Kincaid, mzaliwa wa Antigua, alichapa mwaka 1988 kitabu chembamba kiitwacho A Small Place. Anamgeukia mtalii ana kwa ana na kumwonyesha yale ambayo hakuyaona kupitia dirisha la teksi. Kitabu kiliwaudhi wengi. Nakitaja kwa sababu kimeandikwa na mtoto wa mahali penyewe, na kwa sababu sisi tunajiandaa kuwa yule anayesemwa ndani yake. Yeye alikuwa mwenyeji akiwatazama wageni. Sisi tumejifanya wageni, tukijitazama wenyewe kwenye kioo cha simu.

Msiniambie kwamba hayo ni ya mbali. Ufukwe wa ziwa letu nao unaanza kupimwa kwa macho ya wenye fedha. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Mita 60. Mnazijua? Mmewahi kuzihesabu kwa hatua pale mnapochomea nyama? Siku geti litakapowekwa, nani ataandika kwamba hapo palikuwa njia ya watu kwenda kuteka maji na kuanika dagaa? Mtu wa siku moja hawezi. Hajui njia ilikuwa wapi.

Sasa niwape kisa, maana hoja bila kisa ni ugali bila mboga.

Nilikuwa Kasanga siku tatu, nimefikia kwa ndugu wa rafiki yangu. Siku ya kurudi nilisimama barabarani mchana nikisubiri gari la abiria. Nyumbani kwetu ni Msanzi, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nifike Matai kabla giza halijaingia. Pembeni yangu alikuwapo mama mmoja amembeba mtoto wa kama miaka miwili mgongoni. Mtoto alikuwa wa moto. Ukimsogelea tu joto unalisikia. Alikuwa amepata dawa ya kwanza, akaambiwa ampandishe Matai. Hakulia, hakupiga kelele. Kila mara aliinua mkono wake nyuma, anamgusa mtoto shavu, halafu anatazama barabara.

Gari la abiria lilikuwa limeshapita, limejaa hadi kondakta ananing'inia. Ndipo ikatokea Noah. Muziki ulitangulia, gari likafuata. Mama akatoka akasimama karibu na lami, akapunga mkono. Dereva akapunguza mwendo, Mungu ambariki, nilimwona anageuka kusema na watu wa nyuma. Vioo vilikuwa chini, maana joto la kule halichezewi. Nilihesabu vichwa: sita pamoja na dereva. Gari la watu saba au wanane.

"Kaka, naomba msaada, mtoto anaumwa," mama akasema. "Mpaka Matai tu."

Sauti ya kijana ikatoka ndani, haina ukali wowote, sauti ya mtu aliyeshiba: "Mama, samahani, hii ni praiveti."

Na sauti nyingine ya kike ikamalizia: "Tumelipia, mama."

Gari likaondoka. Nilibaki nimeduwaa, kwa sababu wale si wageni. Vijana wale ni wa kwetu, kwa lafudhi yao ungeweza kusema wamesoma shule gani. Nina hakika kila mmoja wao akiwa peke yake, nyumbani kwake, angempa yule mama kiti na maji. Ni nini basi kilichowafanya pale barabarani waseme neno lile? Ni lile neno lenyewe. Walikuwa wameshalinunua tangu mjini. Walipolipa walinunua gari, wakanunua na siku, na ndani ya siku hiyo wakaamini wamenunua ruhusa ya kutokuwa ndugu wa mtu.

Mama alipanda Fuso la mzigo saa moja baadaye, mimi nikapanda juu ya magunia. Dereva alimweka mbele pamoja na mtoto na hakutaka nauli. Matai tulifika usiku. Mtoto alipokelewa. Hadithi hiyo haina msiba, nashukuru. Lakini nilipokuwa juu ya magunia yale, upepo wa uwandani umeanza kunitafuna masikio, nilijiuliza: mmoja wa wale sita kama anashika kalamu, ataandika nini kuhusu siku ile? Ataandika machweo. Ataandika mawimbi yakibusu mchanga. Yule mama hatakuwemo, kwa kuwa kwenye bango hakuwemo.

Hapo ndipo ninapowashika shati waandishi.

Someni mashairi yetu wenyewe, yale tunayoyasoma kijiweni tukipigiana makofi. Bahari! Minazi! Jahazi! Pwani, upepo wa kusi, marashi ya Pemba! Jamani, sisi ni watu wa ulezi. Shaaban Robert alikuwa mtu wa Tanga, alikuwa na haki zote za bahari, aliizaliwa nayo karibu. Wewe mtoto wa Sumbawanga, bahari uliiona ukiwa na miaka kumi na tisa, ulipokwenda kutafuta chuo, tena uliiona kupitia dirisha la daladala. Umeiweka kwenye shairi kwa sababu umesoma kwamba mashairi yana bahari. Huku ziwa lenye samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani liko asubuhi moja kutoka kwako, nalo umelitembelea kwa saa sita, ukiwa na spika.

Ukerewe ni kisiwa tu ndani ya Ziwa Viktoria. Aniceti Kitereza alikaa kulekule, akaandika kwa Kikerewe riwaya nene ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945, akangoja miaka 35 mpaka ilipochapwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa kisiwa hichohicho, akatoa Rosa Mistika mwaka 1971, na watu wakatetemeka. Hakuna aliyewaambia watu hao wawili kwamba kwao ni mbali, kwamba kwao hakuna cha kuandika. Ukerewe haikuhitaji kuitwa Zanzibar ya Mwanza ndipo isomwe.

Na sisi je? Nchi hii inatujua kwa kitu kimoja. Taja Sumbawanga popote, kwenye basi, kwenye harusi, ofisini, mtu atacheka atakuuliza habari za uchawi. Mtumishi akipangiwa huku, wenzake wanampa pole. Jina lenyewe, wazee wanatufundisha, maana yake ni tupa uchawi. Yaani mji uliomwambia anayeingia auache uchawi wake nje. Neno la kuukataa uchawi limegeuzwa kuwa cheti cha uchawi, na sisi wenye kalamu tumenyamaza, tunaandika minazi! Utani huo nani ataufuta? Hautafutwa na bango. Utafutwa na kurasa zenye watu ndani yake: wavuvi, wauza migebuka, walimu, wachuuzi wa mpakani, watu wanaopanda Fuso usiku na mtoto wa moto mgongoni.

Mali tunayo, jamani. Kasanga ileile mnayochomea nyama, Mjerumani aliiita Bismarckburg akajenga boma, na mwezi wa sita mwaka 1916 majeshi ya upande wa Mwingereza yakaitwaa. Muulizeni mzee yeyote mizigo ya vita vile ilibebwa na vichwa vya nani. Pale bandarini inapita mizigo ya kwenda Kongo na Burundi. Kila kijana wa pale ana ndugu ng'ambo ya maji na lugha tatu mdomoni. Kidogo kusini kuna maporomoko ya Kalambo, maji yanadondoka zaidi ya mita 200, nusu yetu nusu ya Zambia. Juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, watafiti walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kulaliana kwa ustadi. Mwaka 2023 jarida la sayansi la Nature likatangaza kwamba magogo hayo yana umri wa miaka 476,000 hivi. Yaani kabla binadamu wa aina yetu hajatokea, mtu fulani kando ya mto wetu alikaa akachonga gogo likae juu ya jingine. Yeye aliacha kazi. Sisi tunaacha chupa.

Na kama mnataka ya leo, ya leo yapo. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba ziwa limekuwa likipata joto, na maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, kwa hiyo chakula cha samaki kinapungua. Mwaka 2024 Serikali ikafunga uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya mwezi wa tano, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu nyavu ziko juu! Nyumba ya mvuvi ilikula nini? Mwenye chano cha dagaa alilipa ada ya mtoto kwa kitu gani? Nani alikubali amri kwa moyo, nani alinung'unika, nani alitoka usiku kwa kuibia? Riwaya nzima ilipita mbele ya macho yetu. Nimetafuta hata hadithi fupi moja kuhusu miezi ile kutoka kwa kalamu ya hapa kwetu, sijaiona. Nilichokiona ni malalamiko kwenye kikundi cha safari, kwamba msimu huu Kasanga hakuna samaki wa kuchoma.

Najua majibu yenu, mengine nimeshayasikia kijiweni.

La kwanza: "Bwana wee, unatuonea wivu. Vijana wakafurahi, kosa?" Hakuna kosa. Raha ni haki ya kila mtu aliyefanya kazi wiki nzima. Sina ugomvi na muziki wala na nyama, na mbavu zikipita karibu yangu hazipiti salama. Ninachouliza ni kwa nini raha yetu lazima iwe na ukuta. Ngoma za wazee wetu zilikuwa na raha kuliko spika yoyote, na mpita njia alikaribishwa.

La pili ni zito zaidi, na aliyelisema ni dada mmoja anayeandika vizuri kunizidi. Aliniambia: "Wewe mwanaume unalala popote, unapanda Fuso usiku, kesho unaitwa jasiri. Mimi nikilala Kasanga peke yangu, kesho nina jina jipya mtaani. Gari la kukodi ndilo linalonifikisha." Hilo sina ubishi nalo. Ana haki. Kuna na mwenye mzazi mzee, kuna mwenye mguu mbovu, kuna mwenye kichanga. Kodini gari, ndugu zangu, kodini hata mawili. Magurudumu hayana dhambi. Ninachokipinga ni vioo vilivyofungwa: kwenda na chakula chote, maneno yote na watu wote kutoka mjini, hadi mahali penyewe panabaki kuwa pazia la kupigia picha nyuma yako. Dada yule, akienda na wenzake watatu kwenye gari lao, wakamkalisha yule mama kwenye kiti cha nne, kufika Matai wangekuwa na hadithi ambayo mimi juu ya magunia sikuipata. Mama asingeniambia mimi mambo ambayo angewaambia wao.

La tatu: "Gari binafsi likipakia watu njiani, askari watatukamata." Kubeba abiria kwa nauli bila leseni ni kosa, kweli. Kumbeba mtoto mgonjwa bila nauli ni utu. Msizichanganye sheria mbili hizo kwa makusudi. Dereva wa Fuso hakuzichanganya.

Basi, maneno matupu hayavunji mfupa. Napendekeza, na napendekeza kwenu nyinyi wa jarida hili kwanza, kabla ya watu wengine.

Safari ijayo ya Kasanga tuiandae sisi. Tupande gari la abiria, na atakayehitaji gari la kukodi kwa sababu zake tumchangie, viti vinavyobaki viwe vya barabara. Tusibebe chakula. Tukanunue samaki kule, tuchomewe kule, kwa bei ya mwenye samaki. Tulale usiku mmoja, dada zetu wakiwa wamepangiwa kwa familia zinazojulikana mapema, kwa kupiga simu na kuomba kwa heshima kama watu wanaokwenda kwa ndugu. Asubuhi tuamke kabla ya jua tuwasubiri wavuvi wanaorudi. Spika ibaki nyumbani, najua mtanichukia kwa hilo.

Kila mtu aende na swali moja la kwake. Njia ya kuteka maji inapita wapi? Nani alimfundisha mama huyu kuanika dagaa? Walungu walio ng'ambo ya Kalambo na walio huku wanaoana vipi na mpaka umepita katikati? Miezi ile mitatu mlikula nini? Ukirudi, ukurasa mmoja. Shairi, hadithi, mazungumzo, vyovyote. Ukurasa usiwe na mnazi isipokuwa umeuona, umeugusa, na unamjua mwenye nao.

Kurasa hizo tuzichape humu, kwa michango ileile ambayo tungempa mwenye Noah. Halafu nakala kumi zirudi Kasanga, zikasomwe kwa sauti mbele ya wale tuliowaandika, watusahihishe. Wakicheka mahali tusipotaka wacheke, tutajua tumekosea wapi. Hiyo ndiyo shule. Chuo cha uandishi hatuna hapa Rukwa, lakini wasomaji wenye habari kutuzidi tunao, kilomita 110 tu, njia ya mteremko.

Mratibu mwenye bango la mnazi nampa salamu. Gari lake ni zuri, na siku tukilihitaji tutamlipa bila kumpunguzia. Lakini ziwa lile alitoe kwenye orodha yake ya vitu vya kukodisha. Jina lake ni Liemba. Anayetaka kulijua aje Jumamosi kijiweni kwetu, nyuma ya stendi, aandike jina lake kwenye daftari. Nauli kila mtu yake.